Magauni Matatu, Mume Mmoja

Salhiya alikuwa na mtindo wake wa kupiga hodi akiwa keshafika ukumbini. Jumatano ile aliingia nyumbani kwa wifi yake, Jang'ombe, akivuta sanduku jekundu la magurudumu. Akalilaza juu ya mkeka, akafungua zipu pande zote, ndipo akasema, "Hodi jamani, wenyewe wapo?"

"Karibu, wifi," alisema Biasha.

Alikuwa amekaa chini, kajifunga kanga zilizofifia, mikono mitupu. Biasha alikuwa mpakaji hina. Maharusi wa mtaa mzima walipita mikononi mwake, na siku zisizo na harusi alikaa kibarazani Shangani, Mji Mkongwe, akiwapaka wageni viganja na miguu. Kisha Talib, mumewe, akafariki, naye akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Hapana wanja, hapana manukato, hapana kutoka bila dharura. Hina nayo hapana, na kwa kuwa hina ya kumpaka mwenzio hukuganda vidoleni wewe mwenyewe, aliiacha kazi pia.

Salhiya alitoa magauni matatu, akayatandaza kwa fahari kana kwamba kayashona mwenyewe. La zambarau, la kijani, na moja la rangi ya maziwa lenye shanga kifuani.

"Haya, chagua."

"La kuvaa wapi?"

"Jumamosi, mwenzangu! Si unatoka eda? Bi Thuwaiba anakuja kukukosha, tunapika, Maalim Duni anasoma dua. Utatoka na kanga hizo?"

"Na yamenunuliwa na nani?"

Salhiya akacheka, akalikunja la zambarau alilolitandaza sasa hivi. "Mtu mwenye moyo. Weye chagua tu."

Biasha hakuuliza tena, maana mtu mwenyewe alimjua. Mwanamke akiwa katika eda haposwi kwa maneno ya wazi, sheria haikubali. Kinachoruhusiwa ni kudokeza, na kwa kudokeza watu wa Unguja hawana mpinzani. Mwezi wa kwanza Mcha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mpendae, aliletesha pakacha la machungwa na salamu kuwa mwanamke kama Bi Biasha hakosi mtu. Mwezi wa pili kaka yake Biasha, Yussuf, mumewe Salhiya, alikuja kumweleza kwamba Mcha kaipaka rangi nyumba nzima, "sijui anamtayarishia nani." Mwezi wa tatu Salhiya aliuliza anavaa viatu namba ngapi. Machungwa walikula majirani. Namba ya viatu Salhiya aliisoma mwenyewe kwenye makubadhi mlangoni.

Mara zote tatu Biasha alinyamaza. Alinyamaza kwa kuwa aliona haya kuzungumza habari za mume mwingine na hali kanzu za Talib bado zimetundikwa mlangoni, na kwa kuwa alikuwa bado analia. Yussuf yeye aliuchukua ukimya ule mara tatu, akaufanya ndiyo tatu. Alisahau kwamba mwanamke huyu ana miaka arobaini na sita, si mwari wa kuinamisha uso ikasemwa karidhia.

"La maziwa litakupendeza," Salhiya alisema, akajichagulia jibu, akaondoka.

*

Neno lile la kuchagua lilibaki ukumbini pamoja na sanduku. Biasha alikuwa akilisema kila siku ya kazi, tena kwa Kizungu. Kizungu chake hakikuwa kingi, lakini hilo alilijua barabara. Alifundishwa na Talib, aliyekuwa akiwatembeza wageni kule Jozani na kuwaonyesha kima punju, siku ya kwanza Biasha alipojitosa kwenda kukaa Shangani.

"Utamwekea mgeni albamu yako ya maua," Talib alimwambia, "umwambie *choose*. Ndo kuchagua. Lakini mtilie na *please*, asione unamwamuru. Na usimwambie *choose* kama ua lenyewe moja. Atakuona unamfanyia mzaha."

"Na likiwa moja nimwambie nini?"

"Mwambie *take*. Chukua. Hapo hujamdanganya mtu."

Kwa ajili ya maneno hayo Biasha alichora maua mengine, na albamu ikafika kurasa arobaini. Wapo wageni waliokuwa wakichoka kufungua, wakamwambia achague yeye. Alikataa. Alikuwa akiwaonyesha mkono wao, akiwaonyesha albamu, akikaa kimya mpaka waamue. Riyama, jirani yake wa kibarazani, alikuwa akimsema kwamba anapoteza wakati. Biasha alimjibu kwamba ua hilo mtu atakwenda nalo wiki mbili, lazima alitake mwenyewe.

Na sasa akayatazama yale magauni matatu. Gauni alipewa achague. Mume aliletewa mmoja, keshakunjwa, keshatiwa sandukuni. Hasira ilimpanda, na ilikuwa hasira ya kwanza tangu msiba. Kwa miezi minne hakuwa na kingine ila huzuni, na kwa kweli alijiona kapata nafuu.

Alimwita bintiye. "Shadya!"

"Naam, mama."

"Mjomba wako kasema eda yangu inakwisha lini?"

"Jumamosi. Kahesabu kwenye simu. Mara nne thelathini, na kumi juu yake."

"Simu haiandami," alisema Biasha. "Baba yako kafariki magharibi ya mwandamo wa Mfunguo Nne. Hebu hesabu kwa mwezi wa kuandama."

Shadya, mwenye miaka kumi na tisa na anayesomea ukunga, alihesabu kwa vidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Miezi miwili kati ya minne iliandama kwa siku ishirini na tisa. Akahesabu tena. Akamtazama mama yake.

"Mama, mbona kesho?"

"Kesho magharibi."

"Tumwambie mjomba?"

Biasha alilifunga sanduku zipu pande zote. "Hakuniuliza."

*

Alhamisi, jua lilipokwisha kuzama, alikoga mwenyewe, akajifukiza udi mwenyewe, akasali. Bi Thuwaiba hakuwepo wala dua ya jamaa haikuwepo. Alimlilia Talib kwa mara nyingine, akala chapati mbili na maharage ya nazi, akalala usingizi mzito.

Ijumaa asubuhi alitia mkobani koni za hina na albamu, akavaa buibui, akashuka Mjini. Alikuwa na siku mbili ambazo hakuna aliyejua, ila Shadya, kuwa ni zake, na furaha iliyomwingia pale alipopita Mkunazini, akasikia harufu ya kahawa na makelele ya wauza samaki, ilimtia haya kidogo. Hakuirudisha.

Shangani alimkuta Riyama kakaa mahali pake yeye Biasha, kwenye kona yenye kivuli, na mto wake kaukalia.

"Bi Biasha!" Riyama aliruka kama kafumaniwa. "Mie nlijua hurudi tena."

"Nisirudi kwa nini? Eda si kaburi."

"Si unaolewa?" Riyama akaona uso wa mwenzake, akashika mdomo. Alikuwa amechelewa. "Nlisikia... kesho baada ya Alasiri. Mke wa kaka yako alipita hapa, kaniambia nihamie huku kwenye kivuli. Kasema bwana hataki mkewe akae barazani kushika miguu ya wazungu. Kasema na nyumba ya Jang'ombe inafungwa, mtoto atakaa kwao."

Biasha alikaa chini. Alijua kuna posa inakuja. Hakujua kuwa ndoa imeshawekewa siku na saa, kwamba mlango wake umeshatafutiwa kufuli na bintiye keshapewa kitanda, na kwamba hata kona yake barazani imegaiwa. Watu wa Shangani walijua, yeye ndiye aliyebaki. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya mtandio haraka, maana wageni wawili walikuwa wanakuja.

"Nisamehe, wallahi," alisema Riyama. "Kaa mahali pako."

"Nitakaa. Lakini kwanza nishike mkono."

"Nikupake? Weye?"

"Mikono yote miwili, mpaka viwikoni."

Riyama aliisogeza albamu. Biasha akafungua kurasa zake mwenyewe taratibu kama hajapata kuziona, akawaacha wale wageni wasubiri, akafika ukurasa wa thelathini na moja penye maua ya mlangilangi yanayopanda mkono mzima. Lilikuwa ua la maharusi. Mjane wa jana haliwezi bila kusemwa.

"Hili?" Riyama aliuliza. "Watu watasema."

"Washaanza. Paka."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi masufuria yaliingia kabla ya watu. Salhiya aliyafuata, akapiga hodi akiwa katikati ya ukumbi, na neno likamkatikia mdomoni. Biasha alikuwa anachambua mchele, na mikono yake ilikuwa imeiva hina nyekundu mpaka viwikoni.

"Subhanallah! Biasha! Eda yako!"

"Imekwisha juzi, wifi."

Aliitwa Yussuf, akaja mbio na kikoi cha nyumbani. Akahesabu kwenye simu mbele ya watu, mara nne thelathini na kumi, akaionyesha simu kwa kila mtu. Bi Thuwaiba, mkunga wa zamani wa mtaa na mkosha wajane, aliyekuja na karai lake, akamuuliza kama mwezi wa angani nao una simu. Mwishowe Yussuf akampigia Maalim Duni. Alisikiliza sana, akasema "naam" mara nne, akaitia simu mfukoni.

"Kasema hesabu ni mwandamo. Kasema uko sawa." Akakohoa. "Basi bora zaidi. Alasiri watu watakuja, itasomwa dua, yatakwisha."

"Dua ya nini, kaka?"

"Utaambiwa."

"Nshaambiwa. Nimeambiwa na mpakaji hina wa Shangani, ambaye kaambiwa na mkeo."

Salhiya akageukia masufuria na kuanza kuyahesabu kana kwamba kuna moja limeibiwa.

"Nlikuletea habari za Mcha miezi mitatu," alisema Yussuf. "Ukanyamaza."

"Nlikuwa katika eda."

"Ukinyamaza hujakataa."

"Wala sijakubali. Mmenipa nichague gauni, kaka. Magauni matatu! Mume mmenitilia mmoja ndani ya sanduku, halafu mnasema nimechagua. Wageni wangu nawapa kurasa arobaini, na hilo ni ua la wiki mbili."

"Hiyo ni hina! Hii ni stara!" Yussuf alipaza sauti, kisha akaishusha kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelisimamia jeneza la Talib, ndiye aliyemlipia Shadya viatu vya shule ya ukunga. Lakini alikuwa amekaa msikitini akasikia watu wakiuliza dada yake ataishije peke yake, na tangu siku hiyo hakupata usingizi. "Mcha ana kosa gani? Niambie kosa lake."

"Hana."

"Sasa?"

"Sasa hana kosa, wala mie simtaki. Mtu hawezi kuwa na sifa zake nisimtake?"

Yussuf akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akainuka haraka. Akamsogelea, na safari hii alisema kwa kuomba, jambo lililomuuma Biasha kuliko ile kelele.

"Dada yangu, nimeshawaalika watu. Nimetoa neno langu msikitini. Usinifedheheshe mbele ya wanaume wenzangu. Maalim akija mlangoni kukuuliza, weye nyamaza tu. Mengine nitamalizia mimi."

Biasha akaendelea kuchambua mchele. Alimwonea huruma kaka yake, tena huruma ya kweli. Lakini alijua kuwa huruma hiyo akiifuata, kesho saa kama hii atakuwa Mpendae katika nyumba yenye rangi mbichi, na Shadya kalala chumba cha watoto wa Salhiya.

"Waalikwa wako wangapi?" aliuliza.

"Thelathini na kitu."

"Mchele hautoshi. Ongezeni vibaba viwili."

Yussuf aliona kapata jibu. Akatoka anachekelea.

Shadya alimfuata mama yake jikoni. "Mama, mpigie Maalim mapema. Avunje kabla watu hawajaja."

"Wamenipangia mbele za watu. Nitawajibu mbele za watu." Akamshika mwanawe kidevu kwa vidole vyekundu. "Na weye usimame karibu nami. Nnaogopa."

*

Baada ya Alasiri wanaume walijaa uani juu ya majamvi, na viatu vyao vikatapakaa mlangoni. Mcha alikaa katikati, kanzu nyeupe, kofia mpya ya viua, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, na kila aliyempa mkono alijibu kwa sauti ndogo. Wanawake walikuwa ukumbini. Pazia tu la mlango lilikuwa baina yao.

Kabla ya yote Yussuf alichomoza kichwa ndani ya pazia, akawanong'oneza wanawake. "Maalim anataka kusikia sauti yake. Sasa sikilizeni. Ikisikika tu, hata akiguna, pigeni vigelegele nyote. Msingojee. Akijibu tu, pigeni."

"Akijibu tu?" aliuliza Bi Thuwaiba.

"Akijibu tu, mama. Kwa nguvu."

Maalim Duni akaja mlangoni na mashahidi wawili. Shadya akalisogeza pazia kidogo. Biasha alikuwa amekaa kitini, kavaa gauni lake mwenyewe la buluu, la miaka minne nyuma, lililokuwa limemkaa vizuri wakati ule na sasa lilimpwaya. Yale matatu yalikuwa sandukuni.

"Asalaam aleikum, Bi Biasha."

"Waaleikumu salaam, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Ndugu yako Yussuf bin Mjaka ameniomba nimuozeshe dada yake kwa Bwana Mcha. Mahari na mambo mengine watu wameshazungumza. Nimekuja kuitaka idhini yako. Umeridhia?"

Biasha alifungua mdomo na sauti haikutoka. Nje mtu akakohoa.

"Karidhia, Maalim," Yussuf alisema kwa haraka. "Si unamwona? Kanyamaza. Yeye ana haya tangu utotoni."

"Yussuf," Maalim alisema bila kugeuka. "Mwari akinyamaza tunachukua. Huyu alikuwa na mume. Mjane husema kwa ulimi wake, na asiposema mimi sifungi ndoa. Bi Biasha, nakuuliza mara ya pili. Usimtazame mtu."

Shadya alimwekea mama yake mkono begani. Biasha alisimama. Alijua kuwa kaka yake hatamsemesha kwa miezi, pengine kwa miaka. Alijua na watakayoyasema Shangani na Mpendae na kila penye kibaraza baina ya mitaa hiyo. Akaitia sauti yake nguvu ya kufika uani, mpaka jamvi la mwisho, maana kule nako kulikuwa na mtu mwenye haki ya kusikia.

"Maalim, mie Biasha binti Mjaka. Nna akili zangu, na eda yangu imekwisha. Bwana Mcha sina ubaya naye, na namwomba radhi kwa kuletwa huku na watu ambao hawakuniuliza. Leo nimeulizwa. Sitaki."

Maalim Duni aliinamisha kichwa kukubali. Uani Mcha alisema, taratibu, "Nimesikia, bibi," na akaanza kusimama. Uso wa Yussuf uligeuka rangi ya jivu.

Ndipo Bi Thuwaiba, aliyekuwa kakaa ukutani na karai lake, akauweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha mkunga, kile cha kutangaza mtoto kazaliwa mzima. Mwanamke wa pili akakidaka, akakidaka na wa tatu, na Shadya naye, na hata Salhiya, kwa mazoea au kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu, aliona ulimi wake mwenyewe umeshaanza. Ukumbi wote ukalipuka, na vyombo vikatetema kabatini.

"Mnapigia nini?" Yussuf alipiga kelele katikati ya zile kelele. "Kasema hataki! Bi Thuwaiba, mnapigia nini?"

Bi Thuwaiba alingoja pumzi imrudie.

"Si ulitwambia akijibu tupige, baba? Kajibu."

Akavuta pumzi nyingine, akaanza upya. Yussuf aliinama penye viatu thelathini na kitu, akawa anavitafuta vyake.